Mita Nne Zilizopungua

Kila asubuhi ya likizo, nyumba ya akina Jenipher kule Madale iliamka kwa utaratibu uleule. Wa kwanza alikuwa Babu Fredrick, ambaye aliwasha redio yake ya betri kabla hata hajavaa miwani. Wa pili alikuwa Mama, Bi Anjelina, ambaye cherehani yake ilianza kukoroma sebuleni saa kumi na mbili na nusu. Wa tatu alikuwa dada Monica, aliyetoka chumba cha mwisho kabisa akiwa na ndoo mkononi. Wa mwisho, jua likiwa limeshakata tamaa ya kumsubiri, alikuwa Jenipher mwenyewe, mwenye miaka kumi na tatu, mwanafunzi wa kidato cha kwanza katika shule ya bweni na, kwa maelezo yake mwenyewe, mtaalamu wa kompyuta.

Utaalamu huo aliupata katika klabu ya kompyuta shuleni, ambako alifundishwa kubana vichwa vya plastiki kwenye waya wa mtandao. Alibana vichwa vinne. Vitatu vilifanya kazi. Kile cha nne hakukitaja nyumbani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Desemba hiyo nyumba nzima ilikuwa na jambo moja tu la kuzungumza. Monica, aliyemaliza stashahada ya maabara mwaka uliotangulia na kutuma maombi ya kazi hadi vidole vikaota sugu, alikuwa ameitwa kwenye usaili. Hospitali moja ya mkoani ingemhoji kwa video, siku ya Ijumaa, saa nane kamili mchana. Kati ya barua zote alizotuma, hiyo ndiyo pekee iliyopata jibu.

Kikwazo kilikuwa nyumba yenyewe. Baba, ambaye wakati huo alikuwa Masasi kwa msimu wa korosho, aliijenga kidogokidogo, chumba nyuma ya chumba, mpaka ikawa ndefu kama treni. Ruta ya mtandao ilikuwa sebuleni, kwenye kichwa cha treni, imepigiliwa ukutani na mafundi wa kampuni. Chumba cha Monica kilikuwa behewa la mwisho, nyuma ya chumba cha Babu, na mtandao ulipofika huko ulikuwa umeshaishiwa pumzi. Simu nayo, kwa kuwa nyumba iko bondeni, ilishika pale tu Monica aliposimama juu ya kitanda.

"Si ufanyie usaili huohuo hapa sebuleni?" Mama alipendekeza.

"Mama, na wateja wako?"

Mama aliwafikiria wateja wake. Wiki hiyo alikuwa anashona sare kumi na mbili za harusi, na kila mwenye sare alikuja kujaribu akiwa na mawazo yake kuhusu shingo, mikono na bibi harusi. Akatunga uzi kwenye sindano.

"Tuvute waya," alisema Jenipher. "Uanzie kwenye ruta, upite juu ya dari, ushukie chumbani kwa dada. Niachieni mie."

"We unaiweza?" Monica aliuliza.

"Dada, usinivunjie heshima."

Jumamosi asubuhi alichukua tepu ya Mama ya kupimia nguo, akapiga magoti ukumbini na kupima sakafu kutoka kwenye ruta hadi mlangoni kwa Monica. Ilikuwa mita kumi na tisa. Kwa ukarimu akaongeza moja, zikawa ishirini. Akaenda Tegeta, kwenye duka la vifaa vya umeme la Mzee Fazal, ambaye alikuwa amevaa kofia yake nyeupe na kalamu nyuma ya sikio.

"Shikamoo, mzee. Nataka waya wa mtandao, mita ishirini."

"Marahaba, binti. Unapita wapi?"

"Juu ya dari."

"Umepima na kwenda juu na kushuka?"

Jenipher hakuwa amepima kwenda juu. Hakuwa amepima kushuka. Ukuta mmoja wa nyumba yao ulikuwa na karibu mita tatu, na kuta zilikuwa mbili. Lakini kulikuwa na wateja wawili nyuma yake, na mmoja alikuwa fundi mwenye mkanda wa vifaa kiunoni.

"Ndiyo," alisema. "Nimepima vyote."

"Chukua ya ziada. Ikibaki utanirudishia."

"Hapana, mzee. Mahesabu yangu yamekamilika."

Mzee Fazal alimtazama juu ya miwani, akakata mita ishirini, akamwazima na koleo ya kubania vichwa.

Mchana huo Jenipher alipanda darini kupitia tundu la ukumbini, akatambaa juu ya mbao za paa akiwa na waya mkononi. Ulipofika juu ya chumba cha Babu, waya uliisha. Aliuvuta. Waya ukabaki umeisha. Zilipungua kama mita nne.

Hapo mtu mwingine angeshuka na kusema, "Jamani, nimekosea kupima." Jenipher aliifikiria sentensi hiyo na kuiona ndefu mno. Akakumbuka kwamba nyuma ya ruta mafundi walikuwa wameacha kipande cha waya cha kama mita tano. Akakileta, akamenya nyaya ndogo nane za ndani pande zote mbili, akazisokota rangi kwa rangi, akafunga kila moja kwa utepe mweusi, kisha akazungushia utepe mwingine juu yake. Kiungo hicho akakining'iniza kwenye msumari chini kabisa ya bati, mahali ambapo hakuna jicho la binadamu lingefika.

Jioni Monica aliunganisha kompyuta yake. Picha ikaja, sauti ikaja. Mama akapiga kigelegele kimoja na kurudi kwenye cherehani. Babu, aliyefanya kazi ya ukarani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, alimpa mkono mjukuu wake na kusema, "Kazi imepokelewa." Jenipher alilala akiwa amevimba kichwa.

Mambo yalianza kuchanganya Jumatatu.

Saa sita na nusu mchana, Monica akiwa katikati ya mazoezi ya usaili na rafiki yake, mtandao ulikatika. Ulirudi wenyewe jioni. Jumanne asubuhi ulikuwa mzima, mchana ukafa tena. Sebuleni haukukatika hata mara moja.

Mchana huohuo Babu alitoa daftari la jalada jeusi, akavaa koti na kuitisha kikao.

"Kila mmoja atoe maelezo yake," alisema. "Kwa zamu. Tusikatizane."

"Ni kampuni hiyo," alisema Mama, sindano mdomoni. "Wanatubania mchana."

"Mama, mbona sebuleni upo?" Monica alisema. "Mie nahisi panya. Wanakula waya."

"Panya gani anakula mchana na kurudisha jioni?" Babu aliuliza, akaandika swali lake mwenyewe kwenye daftari. "Mtaalamu unasemaje?"

Jenipher hakuelewa, na hapo hakuwa anajifanya. Kiungo chake alikikumbuka, ndiyo. Lakini kama kiungo ni kibovu, si kingekuwa kibovu siku nzima? Kitu gani kinaharibika saa sita na kupona saa moja usiku? Alikigeuza kichwani hadi kikamtia kizunguzungu. Wote watatu walikuwa wanamtazama. Wakati huohuo, redio ya Babu ikaanza kusoma taarifa ya habari ya mchana.

"Redio," alisema Jenipher.

"Redio?"

"Mawimbi, Babu. Redio ina mawimbi, mtandao una mawimbi. Na waya umepita juu ya chumba chako. Mchana ndiyo unaifungulia sauti zaidi."

Alishangaa jinsi maneno hayo yalivyosikika kama ya kitabuni. Karibu ayaamini mwenyewe.

Babu aliitazama redio yake kwa muda. Ilikuwa na antena iliyofungwa kwa uzi na kitasa kimoja tu kilichobaki. Kisha akaizima, akaifunika kwa kitambaa na kuandika: *Mshukiwa amewekwa chini ya ulinzi.*

"Kwa ajili ya usaili wa Monica," alisema, "nitavumilia."

Jumatano mtandao ulikufa saa sita na dakika ishirini, redio ikiwa bado chini ya kitambaa. Babu hakuiwasha. "Huenda mawimbi yake bado yamo chumbani," alisema kwa upole, akakaa kitandani mikono magotini, akisikiliza cherehani ya Mama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusikiliza. Jenipher alipita mlangoni kwake mara tatu. Mara ya nne alipitia nje.

Jioni hiyo, paa lilipopoa, alipanda darini peke yake. Kiungo kilikuwa kinanata kama peremende iliyosahaulika mfukoni. Gundi ya utepe ilikuwa imeyeyuka na kuchuruzika. Akakifunga upya kwa plasta za kidonda kutoka kwenye kabati la Mama, zote tisa. Alhamisi mtandao ulikufa saa saba kasoro robo.

"Umejitahidi, Jeni," alisema Monica. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa amekaa kitandani, nguo yake ya usaili imening'inia nyuma ya mlango, imenyooshwa tayari. "Kesho nitapanda juu ya kitanda na simu. Wakiniuliza mbona picha inacheza, nitasema ni tetemeko."

Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani.

Ijumaa saa nne asubuhi Babu aliitisha kikao cha mwisho. Alifungua daftari na kuanza kusoma kumbukumbu zote tangu Jumatatu kwa sauti ya mahakamani: saa kadhaa na dakika kadhaa, mtandao umekata roho, saa kadhaa na dakika kadhaa, mtandao umezinduka. Alipofika kwenye redio, Jenipher alisimama.

"Babu, iachie redio yako. Haina kosa."

"Una ushahidi?"

"Mie ndiye ushahidi." Akaelekeza kidole darini. "Waya ulipungua mita nne. Nilipima sakafu tu, sikupima kuta. Nikaunga na kipande cha zamani juu ya chumba chako. Bati likipata jua, utepe unayeyuka. Sijui nyaya zinafanya nini huko ndani, lakini ni pale. Ya redio niliitunga."

Mama aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Toka lini unajua?" Monica aliuliza.

"Kuunga, toka Jumamosi. Kwamba ndicho kinachoharibu, toka juzi nilipoona gundi. Kabla ya hapo nilikuwa sielewi kweli, dada, naapa."

"Juzi." Monica alisimama. "Na jana umenitazama nikiongea habari za tetemeko."

Jenipher alitaka kulia, lakini Mama alikuwa tayari amesimama na tepu shingoni.

"Kulia baadaye," alisema. "Sasa hivi tunapima. Shika hapa."

Mama alipima kama anavyompima mteja. Alianza kwenye ruta, akapanda ukuta hadi darini, akafuata ukumbi, akashuka ukuta wa Monica hadi mezani. "Ishirini na nne na nusu," alisema. "Na ya kushonea, mita mbili. Ishirini na sita na nusu. Taja."

"Ishirini na sita na nusu."

"Taja tena ukiwa njiani. Leo Ijumaa, Mzee Fazal anafunga mapema kwenda msikitini. Chukua bodaboda."

Jenipher alifika Tegeta Mzee Fazal akiwa amevaa kanzu na ameshika shata, mlango wa bati wa duka, nusu imeshashuka.

"Binti, tumefunga. Njoo saa tisa."

"Shikamoo, mzee. Saa tisa usaili wa dada yangu utakuwa umekwisha." Akapumua. "Uliniuliza kama nimepima kwenda juu na kushuka. Nilisema ndiyo. Nilikudanganya. Sikupima."

Mzee Fazal alilitazama shata, akamtazama yeye. Kisha akalisukuma juu tena, likapiga kelele kama linalalamika.

"Leo umepima?"

"Amepima Mama. Ishirini na sita na nusu."

"Mama yako fundi?"

"Fundi wa nguo."

"Basi zitatosha." Akawa anakata waya huku akiuliza alikuwa ameungaje. Aliposikia habari za plasta za kidonda alifumba macho kidogo, kama mtu anayesoma dua. "Bati la Desemba hukaangia yai, binti. Utepe ukilegea, nyaya zinagusana. Usiku zikipoa zinaachana. Ndiyo maana mmezunguka wiki nzima. Waya huu hauungwi kwa kusokota. Ni mmoja, toka mwanzo hadi mwisho."

Saa sita na nusu walikuwa wamefunga waya mpya kwenye ncha ya wa zamani, sebuleni. Mpango ulikuwa Monica avute kutoka chumbani kwake, na wa zamani uulete mpya nyuma yake. Monica alivuta. Ukaja kwa ulaini wa ajabu, mita moja, mbili, tano, kisha mwisho wake ukadondoka mezani ukiwa na nyuzi nane zilizochanua na plasta tisa.

Kiungo kilikuwa kimeachia. Waya uliobaki ulikuwa huko juu, gizani.

"Napanda," alisema Jenipher.

Mama alilowesha kanga, akamfunga kichwani. Darini palikuwa kama ndani ya sufuria lenye mfuniko. Jasho lilimwingia machoni, vumbi likamwingia puani, na bati lilikuwa karibu kiasi kwamba masikio yake yaliusikia moto wake. Alitambaa juu ya mbao moja baada ya nyingine, akipapasa. Waya wa zamani aliupata juu ya chumba cha Babu. Akauvuta taratibu, mkono kwa mkono, mpaka ule mpya ukatokea, wa buluu, mzima. Kwa furaha akakanyaga mahali pasipo na mbao.

Chini, Babu Fredrick alikuwa amekaa kitandani na redio yake mapajani. Dari ilipasuka juu ya kichwa chake. Alitazama, akatazama saa, akachukua kalamu na kuandika: *Saa saba na dakika tano. Mguu wa kushoto umeonekana.*

"Babu!" sauti ilitoka juu. "Samahani!"

"Mguu uondoke barazani," alisema Babu, "kesi iendelee."

Saa saba na nusu Jenipher alikuwa sakafuni kwa Monica, mweusi kama mkaa, akipanga nyaya nane kwa rangi. Kichwa cha kwanza alikibana kikatoka upande. Zamani angesema kipo sawa. "Hiki nimekiharibu," alisema, akakikata, akabana kingine. Cha pili kilikubali. Sebuleni akabana cha upande wa ruta, akaangalia rangi mara mbili, akamwita Mama aziangalie mara ya tatu.

Taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye kompyuta ya Monica saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Usaili ulichukua dakika arobaini. Jua lilikuwa kali kuliko siku zote za wiki, na bati lilikuwa likitoa vile vishindo vyake vya joto. Sebuleni, Mama na wateja watatu walikaa kimya kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya sare za harusi. Jenipher alikaa ukumbini ameegemea mlango, akisikiliza sauti ya dada yake ikieleza habari za darubini na sampuli za damu, bila kukatika, bila kukatika, bila kukatika.

Monica alifungua mlango, akachuchumaa mbele ya mdogo wake.

"Wamesema watanijibu baada ya wiki mbili," alisema. "Sijui itakuwaje. Ila wamenisikia, kila neno." Kisha akamfuta vumbi kwenye pua kwa kidole. "Bado nimekukasirikia. Nitakuwa nimekukasirikia mpaka Jumapili."

"Sawa, dada."

Jioni, wateja walipoondoka, Mama alimwita Jenipher akae kwenye kigoda karibu na cherehani.

"Nikiwa bado mwanafunzi wa kushona," alisema, "mama mmoja aliniletea kitambaa cha gauni la harusi ya mwanaye. Nikakata vibaya. Kikapungua. Nikaona aibu kumwambia, nikaunga kwapani, nikisema, nani anatazama kwapa? Siku ya harusi akanyanyua mikono yote miwili kumtuza bwana harusi. Gauni likafunguka mpaka kiunoni. Mbele ya wakwe."

Jenipher aliuma mdomo asicheke.

"Cheka tu. Mie sikucheka mwaka mzima. Tangu siku hiyo, kitambaa kikipungua, namwita mwenyewe kabla sijaingiza sindano. Anafoka, ananuna, lakini tunapata la kufanya. Kupima vibaya hakuna asiyepima vibaya, Jeni, mimi nikiwemo. Ila ulipokaa kimya, umetunyima wiki nzima ya kurekebisha kitu cha nusu saa. Dada yako alikuwa anapanga kusimama kitandani. Na babu yako umemnyang'anya redio. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Nisamehe."

"Mie nimeshakusamehe. Sasa nenda kwa mwenye dari."

Babu alikuwa anasikiliza taarifa ya habari ya jioni, sauti juu kabisa, akilipa deni la siku tatu za ukimya. Tundu lilikuwa juu ya mto wake, lenye umbo la mguu, na kila kidole kilionekana.

"Babu, nimekuja kuomba radhi. Na Jumatatu nitapanda nizibe."

"Ziba," alisema Babu. "Lakini kwanza pima."

"Nitapima."

"Na tundu likizidi ubao?"

Jenipher alivuta pumzi. "Nitashuka kuja kukwambia."

Babu alifungua daftari jeusi, akaandika mstari mmoja, akaweka tarehe na kulifunga.

"Kikao kimeahirishwa," alisema. "Leta kiti usikilize habari."